Mashini inalia, lakini haisemi ni nini
Maongezi juu ya detekta ya chuma, mashamba yetu na vitu tulivyozika

(Maneno haya yalisemwa na timu ya uchunguzi na uhamasishaji mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, kabla ya msimu wa kupanda. Tumeyaandika hapa kwa ombi la komite, ili na wale ambao hawakuwepo wayasome.)



Komite ilituita tujibu swali moja. Swali lenyewe liko ndani ya kitabu cha mikutano, nasi tunalisoma vile lilivyoandikwa: "Kwa nini chama hakinunui mashini mbili za kutafuta chuma, ili sisi wenyewe tusafishe mashamba yetu na kufukua vitu vyetu tulivyozika wakati wa kukimbia?" Kiisha tukaambiwa kwamba mfadhili mmoja ameandika, akisema yuko tayari kulipa hizo mashini. Kwa hiyo si maneno ya hewani. Pesa zinaweza kutoka, na mashini zinaweza kufika hapa kabla ya mvua ya Septemba.

Tunaanza kwa kusema wazi: swali ni la haki, na aliyeliuliza si mjinga. Lakini ushauri wetu ni kwamba chama kisinunue. Tunaomba mtusikilize sababu, kisha tuseme pesa hizo zifanye nini, maana kumwambia mtu "hapana" na kumwacha na njaa yake si msaada.

Swali linatoka wapi

Linatoka fasi mbili. Ya kwanza ni tumbo. Wengi wetu tulirudi kutoka Nyarugusu, wengine walirudi kutoka Lugufu kabla kambi ile haijafungwa mwaka 2009. Tulikuta mashamba ya baba zetu yamekuwa pori. Baadhi yake yana alama: mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, au matawi mawili yaliyofungwa msalaba na wakaaji. Mwenye shamba anasimama kando ya njia, anaangalia udongo wake mweusi, kisha anaenda kulima kwa jirani kwa kibarua. Hiyo inauma, tunajua. Timu yetu wenyewe, wengi tulikulia kambini. Hatuongei habari za watu wengine.

Ya pili ni vitu vilivyozikwa. Mwaka 1996, na tena 1998, watu walikimbia mbio, lakini si wote walikimbia mikono mitupu na kuacha nyumba wazi. Wengine walipata usiku mmoja. Walichimba shimo, wakafunika ndani yake kichwa cha cherehani, masufuria, majembe, baiskeli iliyofunguliwa vipande, sahani za harusi. Walizungushia mkeka au shitingi, wakarudisha udongo, wakaweka alama akilini: hatua saba toka mwembe, nyuma ya jiko. Leo mwembe umekatwa, jiko limeanguka, na mzee aliyehesabu zile hatua wengine tumemzika ng'ambo ya ziwa. Kilichobaki ni mtoto aliyesikia hadithi.

Ndiyo maana, vijana wa machimbo ya dhahabu wanapopita na detekta zao begani, watu wanawaita. Bei inajulikana: kinachopatikana, nusu kwa nusu.

Shida ni kwamba miaka ile ile tuliyozika sisi, wengine pia waliacha vitu katika udongo ule ule. Wenye silaha walilala kwenye nyumba zetu, walichimba mahandaki kwenye viwanja vyetu, walipigania visima na madaraja yetu. Aliyetafuta alama ya kukumbuka na aliyetafuta kivuli cha kulinda njia walichagua mti mmoja. Grenadi, makombora ambayo hayakulipuka, risasi, na fasi nyingine mabomu ya kutegwa: haya hayakuenda porini peke yake. Yalibaki karibu na makao ya watu.

Mashini inafanya nini

Tuiangalie mashini yenyewe bila kuiogopa na bila kuiabudu. Ni fimbo, betri, na kichwa bapa chini. Ndani ya kichwa kuna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri unapita ndani ya waya na kubadilika upande mara maelfu kwa sekunde moja. Unafanya nguvu ya sumaku inayoingia udongoni. Nguvu hiyo ikikuta kitu cha metali, inaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo inarudisha sumaku yake dhaifu. Mashini inasikia yale majibu, ndipo inalia masikioni mwa anayeishika.

Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote. Haioni baruti. Haioni mbao, plastiki wala mfupa. Inajibu swali moja tu: je, hapa chini kuna metali? Haijibu: ni nini?

Habari yake ni ya zamani. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule mtu wa simu, alileta chombo cha namna hii kutafuta risasi mwilini. Hakuipata. Inasimuliwa kuwa moja ya sababu ilikuwa kitanda: mgonjwa alilala juu ya springi za chuma, na chombo kilisikia kitanda. Baadaye, wakati wa vita kuu ya pili, ofisa mmoja wa Poland, Józef Kosacki, alitengeneza detekta ya kubebwa na askari, na ilitumika kutafuta mabomu kwenye jangwa la El Alamein mwaka 1942. Tangu hapo mashini zimekuwa nzuri zaidi, lakini lile tatizo la kitanda liko hapa mpaka leo. Mtaalamu wa kutegua mabomu havai saa, hatembei na simu mfukoni, na viatu vyake havina chuma. Jiulizeni kiwanja cha kijiji kina "vitanda" vingapi.

Sababu ya kwanza: sauti haina jina

Kiwanja ambapo watu waliishi miaka hamsini kimejaa misumari, vifuniko vya chupa, makopo ya sardini, betri za redio, vipande vya bati, vijiko. Mashini inalia kwa vyote. Watu wanatuambia: "Lakini mwenye kuzoea anajua kwa sauti." Si kweli kwa namna wanavyofikiri. Kifuniko cha soda kilicho karibu na uso wa ardhi kinaweza kulia sawa na sufuria iliyo chini sana. Sauti kubwa si kitu kikubwa, na sauti ndogo si kitu kidogo. Mzoefu anajua kupima mwanzo na mwisho wa sauti, akikata kwa upande huu na kwa upande ule, ili ajue katikati yake iko wapi. Anajua ni wapi. Ni nini, hajui mpaka akione kwa macho.

Kwa hiyo anayetafuta cherehani ya mama yake anasikia sauti, moyo unaruka, anachukua jembe. Pale tayari ameamua ni cherehani, na mashini haikumwambia hivyo.

Sababu ya pili: kimya si usalama

Hii ndiyo tunaomba ikae kichwani kuliko zote. Watu wengi wanafikiri: ikilia, hatari, ikinyamaza, pita. Hapana.

Mashini za wachimba dhahabu zimetengenezwa kwa dhahabu. Mchimbaji hataki kusumbuliwa na misumari, kwa hiyo mashini nyingi zina kifungo cha kukataa chuma, kile kinachovutwa na sumaku. Ukiweka hivyo, inanyamaza juu ya msumari. Na ganda la kombora nyingi ni chuma hicho hicho. Kijana atapita juu yake, mashini kimya, na atamwambia mwenye shamba: "Hapa iko safi, lima tu." Hakusema uongo. Mashini yake ilifundishwa kutosema.

Pili, kuna mabomu ya kutegwa yaliyofanywa kwa plastiki karibu yote. Metali yake ni kisindano na springi ndogo, pengine si zaidi ya kipande cha sindano ya kushonea. Mashini nzuri ya kazi hiyo inakisikia kwa sentimita chache tu, ikishikwa karibu na ardhi na mtu anayekwenda polepole.

Tatu, udongo wetu mwekundu. Wekundu ule ni chuma, na fasi nyingine mashini inaulilia udongo wenyewe. Ili kuituliza, mtu asiyejua anapunguza nguvu ya kusikia. Kelele inaisha, na vitu vidogo navyo vinapotea pamoja na kelele.

Kwa sababu hizo, timu yenye ruhusa inaanza kila asubuhi kwa kupima mashini juu ya kipande maalumu kilichozikwa kwa kina kinachojulikana, katika udongo wa fasi ile ile. Isiposikia, siku hiyo haifanyi kazi.

Sababu ya tatu: kazi yenyewe inaanza baada ya sauti

Kupitisha mashini juu ya majani ni sehemu rahisi. Kwanza majani yenyewe lazima yakatwe bila kukanyaga mbele na bila kuvuta mizizi. Kila mpito wa kichwa unafunika sehemu ya mpito uliotangulia, ili isibaki hata mstari mmoja. Kila sauti inawekwa alama. Kisha mtu anapiga magoti, amevaa kinga ya kifua na ya uso, anaanza kuchimba kwa mbali kidogo na kukaribia kwa upande, polepole, kwa vyombo vidogo, bila kushuka kutoka juu. Tena anafanya hivyo kwa kila sauti, hata ya mia, hata kama zile tisini na tisa zilikuwa misumari. Anayechoka kwa misumari ndiye anayeumia.

Kwa mwendo huo mtu mmoja anamaliza makumi machache tu ya mita za mraba kwa siku. Shamba la mita 50 kwa 50 ni mita za mraba 2500. Tukisema 25 kwa siku, ni siku 100 za mtu mmoja. Na pembeni yake lazima awepo muuguzi, gari, na njia ya kufika hospitali. Mashini ni kitu kimoja katika orodha ndefu. Kununua mashini bila hiyo orodha ni kununua usukani na kusema tumepata gari.

Sababu ya nne: shamba la nusu

Vijana wakipita shambani nusu siku, wakatoa vipande vitatu, wakaondoka, hakuna karatasi inayobaki. Hakuna anayejua walipita wapi, waliishia wapi, waliacha sauti ngapi. Mawe mekundu wameyasogeza. Mwaka ujao mwingine atasema: "Pale walishapima." Shamba lile sasa ni baya kuliko lilivyokuwa, maana limepoteza alama na halijapata usalama.

Tena kuna sheria. Nchi yetu iko ndani ya Mkataba wa Ottawa tangu mwaka 2002, na tuna sheria yetu ya tarehe 9 Julai 2011 inayohusu mambo hayo. Kazi ya kutoa mabomu inaratibiwa na CCLAM, kituo cha taifa cha kupambana na mabomu ya kutegwa. Chama cha kusaidiana hakina ruhusa ya kufanya kazi hiyo, na ajali ikitokea kwa mashini iliyonunuliwa na sanduku la chama, nani atakaa mbele ya ile familia?

Na panya je?

Waliokaa Tanzania wanauliza habari za panya wa Morogoro. Ni kweli, wapo. Shirika la APOPO linawafundisha panya buku pale, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alifanya kazi Kambodia na kupewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Uzuri wa panya ni kwamba ananusa baruti, hajali msumari. Ndiyo maana anapita haraka pale ambapo mashini ingelia kutwa. Lakini hata panya anasema tu "hapa." Anayechimba bado ni mtu aliyefundishwa, aliyepiga magoti. Chombo chochote kinaonyesha fasi tu, hakiondoi hatari.

Basi pesa zifanye nini?

Tumekaa na komite, tumeona mambo manne ambayo chama kinaweza kufanya kuanzia mwezi huu.

La kwanza, daftari la kumbukumbu. Wazee waliobaki, akina mama waliochota maji pale, vijana waliochunga: kila mmoja aseme anachokumbuka. Kambi ya askari ilikuwa wapi? Mapigano yalikuwa upande gani? Ng'ombe gani alikatika mguu, na kwenye njia ipi? Mara nyingi timu ya uchunguzi inakuja siku mbili na kuondoka. Kijiji chenye daftari kinachunguzwa vizuri zaidi, na sehemu kubwa ya ardhi inayoogopwa bure inaweza kurudishwa kwa wenyewe bila kuchimbwa, kwa sababu ushahidi unaonyesha hakuna kilichotokea pale. Watu wanapata mashamba kwa kalamu kabla ya kuyapata kwa mashini.

La pili, orodha ya vitu vilivyozikwa. Mwenye kitu aandikishe: kiwanja cha nani, alama zipi, kitu gani. Timu yenye ruhusa ikifika kiwanja hicho, inafukua kila sauti kwa hiyo itakutana na sufuria yako pia. Tunaomba wawepo mashahidi wawili wa chama na shefu wa kijiji, kitu kikabidhiwe kwa maandishi. Hii itapunguza ugomvi pia, maana kuna vitu vya familia moja vilivyo leo chini ya nyumba ya familia nyingine.

La tatu, mashamba ya kuazima. Kuna wanachama wenye ardhi kubwa isiyo na alama wala historia ya mapigano. Sanduku likiwapa mbegu, nao wakakubali kuazima kipande kwa misimu miwili kwa jirani ambaye shamba lake limefungwa, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya shefu, njaa itapungua mwaka huu huu. Mihogo na maharagi haviulizi udongo ni wa ukoo gani.

La nne, fungu la dharura: simu yenye muda wa kupiga, baiskeli kwa watoa habari wa kila kijiji, na pesa za kumfikisha majeruhi hospitalini siku ile ile.

Kwa ninyi wafadhili, neno letu ni hili. Tunawashukuru kwa moyo wa kutaka kununua mashini. Mlisikia kilio, mkataka kujibu kwa kitu kinachoshikika. Lakini mtu hapiti juu ya jiwe jekundu kwa sababu hajui rangi yake. Anajua. Anapita kwa sababu watoto hawajala, na msimu unapita. Mkilipa gharama ya kungoja, yaani mbegu, ardhi ya kuazima, ada ya shule ya msimu mmoja, mtaokoa miguu mingi kuliko mashini mbili. Na mkiwa na sauti kwenye mashirika yenye timu zilizoruhusiwa, itumieni ili zifike huku.

Jembe likigonga chuma

Hata kwenye shamba lisilo na alama, jembe linaweza kugonga kitu. Simama. Usilivute, usiligeuze, usilirushe pembeni. Usimwite mtoto aje aone. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe. Weka alama mbali kidogo, kwenye njia ambayo watu wanapita, si juu ya kitu chenyewe. Mwambie shefu au mtoa habari wa chama siku hiyo hiyo. Hata kama moyo unakuambia ni sufuria ya bibi. Kama ni sufuria kweli, imengoja miaka yote hii, na itangoja wiki mbili zaidi.

Mzee mmoja alituambia juzi: "Ninyi vijana mnatuchelewesha." Tunalikubali neno lake, kwa sababu ni kweli tunachelewesha. Sisi watu wa upande wa Baraka tuna utani wa zamani juu ya haraka isiyo na baraka, na hapa si utani tena. Tulivuka ziwa kwenda, tukavuka ziwa kurudi, tumefika nyumbani tukiwa wazima. Tusikubali kupunguzwa na kipande cha chuma nyuma ya jiko letu wenyewe.

Daftari liko kwa sekretere wa chama kuanzia leo, na kurasa za mwanzo ziko wazi. Mwenye kumbukumbu aanze kusema.